Kura ya Kutumwa

Iko nchi moja ambayo jina lake sitalitaja. Si woga. Bunge lake tukufu lilipitisha sheria kwamba jina la nchi litajwe mtu akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, na mimi naandika haya nimekaa kwenye stuli. Kwa hiyo tuiite nchi tu. Msomaji akihisi kwamba anaijua, hilo ni lake yeye na moyo wake, mimi sikumwambia kitu.

Katika nchi hiyo nilikuwa karani wa Tume ya Uchaguzi, kituo cha Kilima Hewa. Nilishika daftari, muhuri, na kichupa cha wino wa zambarau usiotoka kidoleni kwa miezi mitatu hata ukisugua kwa jivu. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba niliyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa na mtu.

Vyama vilikuwa viwili. Mwavuli ulikuwa umetawala miaka arobaini, na waliokaa chini yake muda wote huo hawakulowa hata mara moja, wakawa wanashangaa kusikia kwamba nje kunanyesha. Ngazi kilikuwa chama cha wanaotaka kupanda. Ukiwatazama vizuri uliona wengi wao ni watu waliosukumwa kutoka chini ya Mwavuli, wakajipangusa vumbi, wakaanza kutafuta njia ya kurudi juu kwa upande wa pili.

Uchaguzi wa kabla ya huu ulituaibisha. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa asilimia mia moja na tatu, na wageni waangalizi kutoka nchi za mbali walicheka mbele ya chai yetu. Mwenyekiti wa Tume, Jaji Mstaafu Anatoli Mbarakazi, aliumia sana. Alituita makarani wote ukumbini, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Safari hii nataka asilimia tisini na tisa," alisema. "Hiyo moja inayobaki tuiachie demokrasia."

Ili kuipata hiyo tisini na tisa, ikaanzishwa kura ya mapema. Kwa siku ishirini na moja kabla ya siku yenyewe, mwananchi mwenye shughuli nyingi angeweza kupiga kura yake akaenda zake. Kila jioni Mwenyekiti aliingia redioni kusoma hesabu ya waliojitokeza, mkoa kwa mkoa, kwa sauti ile ile inayotumika kutangaza misiba ya kitaifa. Vituo vya kura ya mapema viliwekwa kwenye vitongoji vya wenye shughuli nyingi tu. Wale wasio na shughuli nyingi, yaani wanaoamka saa kumi alfajiri kwenda kazini, waliambiwa wasubiri siku yenyewe.

* * *

Kilima Hewa ni kitongoji cha nje ya mji. Nyumba zake zina kuta ndefu, juu ya kuta kuna nyaya za umeme, na nyuma ya nyaya kuna mbwa wanaokula nyama mara nyingi kuliko walinzi wao. Tangu uhuru kilikuwa ngome ya Mwavuli. Wagombea wa Mwavuli hawakwenda kufanya kampeni kule, walikwenda kuogelea.

Chini yake, ng'ambo ya barabara, kuna Bondeni. Huko ndiko wanakotoka wapishi, yaya, walinzi na watunza bustani wa Kilima Hewa. Bondeni kuna watu elfu tisa na bomba moja la maji.

Bomba hilo ndilo lililokuwa jambo la uchaguzi. Watu wa Kilima Hewa walilalamika kwamba maji yao hayana presha, bafu za ghorofani zinadondosha badala ya kumwaga, na majani ya bustani yanageuka rangi. Wataalamu walipima wakakuta kwamba koki ya Bondeni ikifungwa, presha ya Kilima Hewa inapanda mara mbili. Basi Mwavuli ukachapisha ilani ya rangi, karatasi nzito inayong'aa: "Presha ya Kutosha kwa Kila Bafu." Maana ya ilani hiyo Bondeni waliielewa bila kusomewa.

Mgombea wa Ngazi, Bwana Zakaria Tindwa, alishuka Bondeni. Alisimama juu ya ndoo iliyofudikizwa karibu na bomba, akakinga kikombe, akanywa chote mbele ya watu. Mate yalinitoka kwa kiu nilipoyaona yale maji yakimshuka kooni.

"Atakayelifunga bomba hili," alisema akifuta midomo, "aanze kunifunga mimi!"

Wanawake walipiga vigelegele, na ndoo ikapasuka chini ya miguu yake. Watu walisema ni dalili njema.

* * *

Siku nne za mwanzo za kura ya mapema, Kilima Hewa hakutokea mtu. Nilikaa chini ya turubai langu na daftari jeupe kama sahani iliyooshwa. Magari yalipita, vioo vimepandishwa. Jioni Mwenyekiti alisoma "Kilima Hewa, sifuri" redioni, na siku ya nne sauti yake ilikatika kabisa, wakaweka kwaya.

Hapa yafaa nieleze desturi ya wale watu, maana ndiyo iliyoleta yote. Watu wa Kilima Hewa hawaendi, hutuma. Jirani akifiwa, wanamtuma dereva na shada la maua, na dereva analia vizuri tu kwa kuwa amezoea. Kikao cha wazazi shuleni huenda yaya. Mwalimu mkuu mmoja aliniambia kwamba kwa miaka kumi amewaona wazazi wawili, na mmoja wao alikuwa amepotea njia. Yuko mzee aliyeandikiwa na daktari atembee nusu saa kila jioni, akamtuma mtunza bustani, na mtunza bustani akapungua kilo nne.

Siku ya tano Dakta Eufrasia Lumelezi, mwenyekiti wa umoja wa wakazi, aliiandikia Tume ujumbe kwenye simu. Ulikuwa mfupi: "Foleni ina jua. Tunaweza kutuma?"

Foleni haikuwepo, lakini jua kweli lilikuwepo. Tume ilikaa kikao, ikala samaki, ikaafiki. Nikaitwa mimi nipige chapa Waraka Namba Tisa, na maneno yake ninayakumbuka kwa sababu baadhi niliyatunga mwenyewe, na wakati ule nilijiona mjuzi. Ulisema kwamba mpiga kura mwenye shughuli anaweza kutuma mtu kwa Hati ya Kutuma. Ulisema kwamba aliyetumwa naye anaweza kuwakilishwa ikibidi. Na kwa kuwa kura ni siri, ulisema kwamba aliyetumwa atapiga faraghani, wala aliyemtuma haruhusiwi kumuuliza, asije akavunja siri ya kura yake mwenyewe.

"Safi sana," Mwenyekiti alisema alipousoma. "Huu ni ukomavu."

* * *

Kesho yake saa moja asubuhi foleni ilifika barabarani. Wote walikuwa na bahasha mkononi, wamevaa aproni, kofia za ulinzi, viatu vya mpira. Wa kwanza alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tano hivi, kanga imefungwa juu ya gauni la kazi.

"Shikamoo karani."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Mama Lumelezi. Mimi naitwa Siwema, nampikia."

"Jina lako halihitajiki," nilimwambia, na kweli halikuhitajika. Daftari lilikuwa na safu ya mpiga kura tu. Nilifungua hati nikasoma: *Mimi, Dakta Eufrasia Lumelezi, mwenye akili timamu na majukumu mengi, namtuma msaidizi wangu wa jikoni anipigie kura yangu kama ambavyo ningeipiga mwenyewe ningekuwa na nafasi.*

Nikagonga muhuri. Sikutakiwa kuuliza zaidi, lakini ulimi hauna mfupa.

"Amekwambia umpigie nani?"

"Kasema, 'Siwema, unajua cha kufanya.'"

"Na unajua?"

"Najua, baba," alisema, akaingia nyuma ya pazia. Hakukaa hata nusu dakika.

Hilo ndilo kosa la Kilima Hewa, na ni kosa ambalo watu wengine wasingeweza kulifanya. Hawakumwagiza mtu yeyote ampigie nani. Haikuwapitia akilini kwamba mpishi aliyesimama jikoni mwao miaka kumi na moja anaweza kuwa na wazo ambalo hawakumpa wao.

Siwema alipotoka nilimchovya kidole cha shahada kwenye wino. Akatoa mfukoni kifuniko cha chupa ya jemu.

"Naomba na cha mama."

"Cha mama nini?"

"Wino wa mama. Anataka apige picha ya kidole aweke kwenye kundi lao."

Nilipiga simu Tume. Tume ikasema wino ni wa wananchi wote. Basi kuanzia siku ile nilimimina wino kwenye vifuniko vya jemu, kwenye vikombe vya mayai, hata kwenye kisosi cha dhahabu kilicholetwa kwa trei na kitambaa cheupe, nao ukabebwa hadi vyumbani. Mchana simu zikajaa vidole vya zambarau vilivyokatwa kucha vizuri, na chini yake maneno: *Nimetimiza wajibu wangu. Wewe je?* Niliona picha ya kidole cha Dakta Lumelezi kikiwa kando ya glasi ya sharubati.

Asubuhi ile, nilipokuwa nikimmiminia wino wa bosi wake, Siwema na mimi tulizungumza. Ndipo nilipojua habari za Siwema. Alilala Kilima Hewa siku sita za juma, akashuka Bondeni Jumapili. Huko alikuwa na mama yake, Bi Mashavu, aliyepooza miguu mwaka wa tano sasa. Chumba chao kilitazamana na bomba, hatua sita kutoka mlangoni. Bi Mashavu alijiburura kwa mikono hatua hizo sita, akakinga kindoo kidogo, akajiburura kurudi, na ndivyo alivyopika, akafua na kuoga bila kumwomba mtu.

"Likifungwa?" nilimuuliza.

"Maji mengine ni mtoni, mwendo wa saa nzima. Jirani ana ndoo zake na watoto wake. Mama hawezi kuchotewa maji siku sita." Akatazama kidole chake. "Likifungwa, itabidi niache kazi nikae naye. Nikiacha kazi hatuli. Kwa hiyo lisifungwe tu, karani."

Alilisema kama mtu anayeagiza kitunguu. Nami nikaona ni jambo rahisi, maana foleni nzima nyuma yake ilikuwa ya watu wa Bondeni. Nilicheka moyoni. Nilidhani nimeshuhudia mwerevu akizidiwa werevu, na nikasubiri kwa hamu mwisho wake.

* * *

Siku yenyewe ya uchaguzi nilihamishiwa kituo cha Bondeni. Mabosi wa Kilima Hewa, kwa furaha ya kuwa wamekwisha kutimiza wajibu, waliwapa wafanyakazi wao ruhusa ya saa mbili. Wakashuka mbio, wakajipanga mbele ya meza yangu, Siwema akiwa wa tatu.

Akanyoosha mkono. Nikauona wino wangu mwenyewe.

"Siwema, huwezi kupiga."

"Kwa nini?"

"Kidole kina wino. Mwenye wino ameshapiga."

"Ile nilimpigia Mama Lumelezi! Yangu sijapiga. Wewe si ndiye uliyenichovya?"

"Ni mimi. Lakini kidole ni chako."

Nilimsomea kifungu cha sheria. Nilikisoma mara mbili, polepole, kama vile kasoro ilikuwa masikioni mwake. Nyuma yake watu walianza kutazama vidole vyao, mmoja akakiingiza mdomoni akakinyonya, mwingine akakisugua ukutani mpaka kikatoka damu, na damu ikatoka ikiwa na zambarau. Nikawarudisha wote. Nilikuwa na askari wawili na muhuri, na sheria ilikuwa upande wangu.

Waliopiga kura Bondeni walikuwa wazee, wagonjwa na wasio na kazi. Bi Mashavu aliletwa kwenye toroli la kubebea saruji, kanga safi, miguu imekunjwa chini yake kama nguo. Alitia alama yake, akanipa kidole mwenyewe.

"Mwanangu," aliniuliza, "hii yangu moja itatosha bomba zima?"

"Itatosha, mama," nilimwambia. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

* * *

Matokeo yalitangazwa. Kilima Hewa, waliojitokeza asilimia tisini na tisa na nukta nne, Mwenyekiti akalia hewani kwa furaha. Ngazi kura elfu tatu mia tisa na kumi na mbili. Mwavuli kura arobaini na moja, ambazo nadhani ni za wale wasio na mfanyakazi. Bondeni, waliojitokeza asilimia saba.

Nchi nzima ilishika kichwa. Ngome ya Mwavuli imeanguka! Vitongoji vingine vya wenye nafasi navyo vilikuwa vimetuma, navyo vikaanguka kwa namna hiyo hiyo, na Ngazi wakaingia ikulu. Usiku na mchana televisheni ilijaa wachambuzi. Profesa Ismaili Kondela, mwenye shahada tatu na tai mbili, alieleza kwamba utii wa tabaka la kati umehama. Alisema wanawake wasomi wa vitongojini wamechoka na siasa za kale. Alichora mchoro wenye mishale. Alisema ameliona jambo hili likija kwa miaka kumi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini alinyamaza. Kuhusu Bondeni alitikisa kichwa kwa huruma.

"Asilimia saba," alisema. "Hawa wenzetu hawana mwamko. Huwezi kuwasaidia watu wasiojitaka."

Ajabu zaidi ni Kilima Hewa kwenyewe. Siku mbili za mwanzo walitazamana juu ya kuta zao, kila mmoja akimshuku jirani. Siku ya tatu, kila mmoja akawa ameanza kuogopa kwamba ni yeye peke yake ambaye hakuhama. Kwenye kundi lao la simu mtu akaandika, "Mimi niliamua zamani." Mwingine, "Hata mimi." Jioni hiyo Dakta Lumelezi alihojiwa sebuleni kwake, na Siwema akapita nyuma yake na trei ya karanga.

"Haikuwa rahisi," Dakta Lumelezi alisema akigusa kifua. "Baba yangu alikuwa Mwavuli. Lakini nilipobaki peke yangu na ile karatasi nyuma ya pazia, nilisikiliza dhamiri."

Nilizima televisheni nikaenda uani kutema mate. Yule mama hajawahi kuliona pazia langu. Lilikuwa la maua, nililitoa nyumbani, na lilikuwa na tundu. Na nadhani alipokuwa akisema vile aliamini, na hapo ndipo kinyaa kilipo.

Bendera ya Mwavuli iliyopepea langoni kwake miaka yote ikateremshwa, ikapandishwa ya Ngazi. Alimtuma mtunza bustani.

* * *

Bwana Tindwa akawa Waziri wa Maji. Mwezi wa pili ikasikika kwamba koki ya Bondeni itafungwa. Siwema alikuja ofisini kwangu siku ya Jumapili, siku yake pekee ya mapumziko, na sikuweza kumwambia nimetoka kwa sababu aliniona dirishani.

"Karani, ulituona," alisema. Hakukaa. "Ulituona sisi wote. Waambie ni sisi tuliomchagua. Bwana Tindwa hajui tu. Akijua hatafunga."

Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha. Majina elfu tatu mia tisa na hamsini na tatu, madaktari, wakurugenzi, mawakili, wajane wa mabalozi. Akapitisha kidole kwenye kurasa, ukucha bado una zambarau pembeni.

"Sisi tuko wapi?"

"Hamkuwekewa safu."

"Basi si una mdomo?"

Nilikuwa nao. Jumatatu nilikwenda nao kwa Mwenyekiti. Jaji Mbarakazi alikuwa ametundika cheti ukutani, amepewa na wale wageni waliocheka mwaka ule, cha nchi iliyojitokeza vizuri kuliko zote. Nilimweleza kila kitu, foleni, vifuniko vya jemu, vidole vilivyorudishwa Bondeni. Alinisikiliza kwa upole mpaka mwisho.

"Karani," alisema, "unataka kuniambia kwamba asilimia yangu ni ya wapishi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na nani alitunga Waraka Namba Tisa?"

Akafungua mtoto wa meza, akanipa barua ya kupandishwa cheo. Karani Mwandamizi, yenye kiti cha kuzunguka. Ilikuwa na tarehe ya juma lililopita, kwa hiyo nikajiambia kwamba si hongo, ni bahati tu kwamba nimekuja. Nikaipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa na wazazi wangu.

* * *

Sherehe ilifanyika kando ya barabara, pale kwenye koki ya Bondeni, Kilima Hewa juu na Bondeni chini. Kulikuwa na mahema, ngoma, na viti vya plastiki vilivyovalishwa sketi. Waziri Tindwa alisimama jukwaani, safari hii si juu ya ndoo.

"Wapo wanaosema niliahidi," alisema. "Niliahidi, na nasimama pale pale! Serikali ya Ngazi haifungi bomba. Tunalipumzisha." Makofi. "Kilima Hewa walitupa imani yao, wakaacha chama cha baba zao. Utii mpya ni kama mche, ndugu zangu, lazima umwagiliwe maji! Wa Bondeni hawakutoka kupiga kura. Wamesema kwa ukimya wao kwamba hawana haja. Nami ni nani nisiheshimu uamuzi wa wananchi?"

Kisha akamwita mgeni rasmi, Dakta Eufrasia Lumelezi, aje afunge koki kwa mkono wake. Muda ukapita. Ngoma ikapigwa tena. Ndipo akapanda Siwema na bahasha.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Wahenga hao hawakufika Kilima Hewa.

Nikaitwa mimi kuhakiki, kwa kuwa Hati ya Kutuma ni ya Tume. Nikaisoma kwenye kipaza sauti: *Namtuma msaidizi wangu wa jikoni afunge kama ambavyo ningefunga mwenyewe.* Watu wakapiga makofi. Siwema akapewa glavu nyeupe, akaonyeshwa gurudumu la chuma, jekundu, limepakwa grisi mpya.

Ng'ambo ya barabara niliweza kuliona bomba. Bi Mashavu alikuwa ameketi chini yake, kindoo chake kimetegwa, uzi mwembamba wa maji unaingia. Hakujua sherehe ni ya nini. Alikuwa akitikisa kichwa kwa mdundo wa ngoma.

Siwema alizivua zile glavu. Akazikunja vizuri, mtu wa kazi, akaziweka juu ya gurudumu.

"Nimempikia," alisema. "Nimemfulia. Nimemwendea msibani kwa mama yake mzazi, nikamlilia. Nimempigia kura. Hili aje mwenyewe."

"Mama, umetumwa," Waziri alisema kwa upole, akicheka na kamera.

"Nimetumwa. Sifungi."

"Utafukuzwa kazi."

"Likifungwa kazi sina, lisipofungwa kazi sina. Nifukuzeni mikono ikiwa safi."

Dhihaka gani hiyo, mpishi kusimamisha serikali! Waziri akatazama gurudumu, akatazama suti yake ya rangi ya maziwa, akatazama grisi. Kisha akanitazama mimi.

"Karani. Aliyetumwa si anaweza kuwakilishwa?"

"Ikibidi, mheshimiwa," nilijibu. Ni maneno yangu, niliyatunga mwenyewe.

Ningeweza kusema siwezi. Nimelifikiri hilo mara nyingi kwenye kiti changu cha kuzunguka. Ningeweza kukamata kile kipaza sauti kilichokuwa tayari mkononi mwangu na kusema yale mambo matatu niliyomwambia Mwenyekiti, na watu mia saba wangesikia. Badala yake nilikiweka chini taratibu kisigonge, nikavaa zile glavu, zilikuwa na joto la mikono yake, nikashika gurudumu. Nilitazamia litakuwa gumu. Nilitaka liwe gumu. Lilizunguka kama sahani, mara saba, likafika mwisho.

Makofi yalilipuka. Juu huko Kilima Hewa, mipira ya bustani iliyoachwa wazi ikaruka yenyewe na kuanza kumwagilia majani, kuta, lami, mbwa.

Ng'ambo bomba likakohoa, likatema mara mbili, likanyamaza. Bi Mashavu akakipigapiga kwa kiganja kile chuma. Siwema alivuka barabara bila kugeuka nyuma.

"Siwema," nilimsikia Bi Mashavu akiuliza, "maji yamekatika?"

"Yamepumzika, mama."

Akamwinua yule bibi, akamweka mgongoni kama anavyobebwa mtoto mkubwa, akachukua kindoo chenye maji ya nusu. Alipopita karibu nami alisimama. Sikuwa na mahali pa kuweka mikono, glavu zilikuwa na grisi.

"Mimi Mama Lumelezi alinituma," alisema. "Wewe, karani, nani alikutuma?"

Tangu siku ile nasikia wameondoka Bondeni, wamekwenda kukaa upande wa mtoni. Mwenyekiti ameshaanza maandalizi ya uchaguzi ujao, na Waraka Namba Kumi niliuandika mimi. Nimeosha mikono kwa jivu na kwa ndimu.

Msomaji anayetaka jina la nchi hii asimame yeye alitaje. Mimi nitabaki nimekaa. Nimejaribu kusimama mara mbili tatu, mikono ubavuni kama sheria inavyotaka, na kila nikiitazama ile mikono narudi kwenye stuli.